Ukoo Ulioitwa wa Walevi

Siku hiyo steshenari iliyo karibu na chuo kikuu, mjini Galați, ilijaa watu hadi mlango ukawa haufungiki. Ilikuwa Machi. Theluji ilishageuka tope, na kila mwenye mtihani wa bakalorea, ule wa kumaliza sekondari, mwezi wa Juni alikuwa amekuja kutoa kopi za maswali ya miaka iliyopita. Mashine mbili zilikuwa zikinguruma, ya tatu imekwama na karatasi mdomoni, na ndani palinuka wino wa moto na makoti yaliyolowa.

Mwenye duka aliweka mafungu mawili ya karatasi juu ya kaunta bila kuangalia ni ya nani. Mikono miwili ikalifuata fungu moja.

"Kaka, hilo langu."

"Dada, hili langu. Angalia, biolojia."

"Na mimi ni biolojia. Kwani umeinunua peke yako?"

Aliyesema hivyo aliitwa Iustina Bordei, msichana mrefu wa miaka ishirini na minne, mwenye nywele nyeusi alizozisuka msuko mmoja mnene. Alivaa koti la kijani lililompwaya mabegani na kofia nyekundu ya sufi, na juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na unga ambao hakujua kama upo. Aliyeshindana naye aliitwa Sabin Olaru, mwembamba, mwenye miwani iliyoingia ukungu na sweta la kahawia lililolegea viwiko. Sabin alifunua karatasi ya juu, akasoma majibu yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni, akatabasamu.

"Kweli, hili lako. Mimi nisingeandika kwamba seli ya mtu ikigawanyika kwa mitosisi zinatoka seli zenye kromosomu ishirini na tatu."

"Zinatoka na ngapi?"

"Arobaini na sita. Kila moja."

"Nani kakuuliza?"

"Wewe. Sasa hivi."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yao akapaza sauti: "Jamani, kama mnataka kuoana, kanisa liko kule. Hapa watu tunataka kopi."

Foleni nzima ikacheka. Iustina aliona haya, akatoka na karatasi zake, na Sabin akamfuata hadi barazani.

"Una unga usoni," alimwambia.

"Najua," alisema, ingawa hakujua. Akajifuta nyusi isiyo yenyewe.

Kumbe Sabin alikuwa akisomea shahada ya pili ya biolojia na kufundisha wanafunzi wa mitihani majumbani kwao. Iustina alifanya kazi katika duka la pai za jibini la mama mmoja aitwaye Safta. Aliacha shule mwaka wa mwisho, kabla ya mtihani, na sasa alitaka kuufanya ili aingie chuo cha uuguzi. Aliuliza bei ya masomo. Sabin akataja. Iustina akatazama tope.

"Unapenda pai?" akauliza.

"Nani asiyependa?"

"Basi nitakulipa pai."

Ndivyo walivyoanza. Duka la Safta lilifungwa saa kumi jioni, na Sabin alikuwa akifika saa kumi na robo, wakati tanuri bado lina joto na Safta anahesabu vyombo akijifanya hasikilizi. Walikaa kwenye meza kubwa ya chuma ambayo juu yake mchana kutwa ilikandwa mikate. Daftari Iustina hakulipenda. Alinyunyiza unga mezani, akachora kwa kidole. Kiini cha seli, kromosomu, nyuzi zinazozivuta. Akikosea, Sabin alipitisha kiganja na yeye akaanza upya.

"Mara hii zina arobaini na sita," Iustina alisema siku moja, "na usipoziona zote, hesabu mwenyewe."

"Nakuamini."

"Usiniamini. Wewe si ni mwalimu?"

Yeye ndiye aliyekuwa akipiga simu alfajiri, akiwa mbele ya tanuri, na Sabin yuko kitandani.

"Amka, bwana mwalimu. Hatua ya tatu ya mitosisi."

"Iustina, hata jua bado."

"Jua halifanyi mtihani. Hatua ya tatu, kromosomu zinaachana. Kila moja inavutwa upande wake."

"Sawasawa. Sasa nilale?"

"Na sisi tutaachana?"

"Sisi hatujafika hata hatua ya kwanza."

"Ala. Kwani jana pale kwenye ngazi za mto ulikuwa unafanya nini, kama siyo hatua ya kwanza?"

Jana yake walikuwa wameshuka hadi ukingo wa Danubi. Mto ulikuwa umefura, wa rangi ya kahawa yenye maziwa, unabeba magogo. Iustina alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, la mama yake, alilolipunguza kiunoni mwenyewe. Sabin alimwazima skafu yake, na wakati wa kuifunga shingoni mikono yake ikakaa pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Iustina akamwambia, "Kama unataka kunibusu, fanya upesi, nina baridi." Akambusu.

Lakini nyumbani kwao Iustina hakumpeleka. Kila Sabin alipomsindikiza walisimama kwenye kona ya duka la dawa, na hapo wakaagana.

"Unanionea aibu?" Sabin alimuuliza.

"Sikuonei wewe." Akatazama barabara ya kwao. "Baba yangu anakunywa. Sitaki umwone. Basi."

Baba yake, Anghel Bordei, alikuwa dereva wa kreni bandarini, mtu aliyesifiwa kwa mkono uliotulia, mpaka mkono ule ulipoacha kutulia. Aliangusha mzigo mara ya kwanza, akasamehewa. Mara ya pili mzigo ulipita karibu na kichwa cha mtu. Msimamizi wake, jirani yao aitwaye Petrea, aliripoti kwamba Anghel alikuwa amelewa, na akafukuzwa. Huo ndio mwaka Iustina alipoacha shule. Tangu hapo Anghel alipepesuka ngazini, alimwaga supu, mabega yalimruka akiwa ameketi, na maneno yalimtoka mazito kama ya mtu aliyeanza kunywa asubuhi. Aliapa kwamba hanywi. Mlevi gani asiyeapa, watu walisema. Mkewe alipekua chini ya vitanda, nyuma ya tangi la maji, kwenye mifuko ya makoti ya zamani, akitafuta chupa.

Aprili ilipofika walianza mada ya urithi. Iustina aliipenda kuliko zote. Sabin alimfundisha kuchora nasaba. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, na mwenye sifa inayochunguzwa unamjaza ndani.

"Chora ya kwenu," alimwambia. "Chagua chochote. Kishimo cha kidevu, mkono wa kushoto."

"Kwetu hatuna vishimo." Iustina siku hiyo alikuwa na furaha na alitaka kumchekesha. "Kwetu tuna chupa. Nitakuchorea ukoo wa walevi."

Akanyunyiza unga, akaanza juu kabisa.

"Babu Gavril. Mlevi. Alianguka kutoka kwenye mkokoteni wake, akafia hospitali ya vichaa. Huyu mjaze. Bibi, hapana. Wakazaa watoto wanne. Baba yangu, mjaze. Baba mdogo Vasile, mzima kabisa, anafuga nyuki. Shangazi Ileana, mjaze. Na Toader, mjaze, yeye alijitupa kisimani." Alikuwa akicheka, lakini kicheko kilianza kupungua. "Ukiwatazama hivi ni wengi, eh?"

Sabin hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya meza.

"Huyu shangazi Ileana alikuwa anakunywa nini?"

"Nani ajuaye? Alikuwa mtu wa kanisa. Mbele ya watu hakugusa hata divai ya komunyo. Lakini alikuwa anayumba na kurusha mikono ibadani mpaka kasisi akamwomba akae nyumbani. Watu walisema anakunywa kwa siri."

"Ilimuanza akiwa na miaka mingapi?"

"Arobaini hivi. Kwa nini?"

"Na baba yako, umewahi kumwona na chupa mkononi? Kwa macho yako."

Uso wa Iustina ukabadilika. "Haya ni maswali ya mtihani au ya polisi?"

"Nauliza tu."

"Mimi nimekufanyia mzaha, na wewe unanichimba. Ndiyo, ni walevi. Mimi ni mtoto wa mlevi na mjukuu wa mlevi. Ulitaka kusikia hivyo?"

Sabin alipitisha kiganja juu ya meza, akafuta babu, akafuta shangazi, akafuta mraba wa baba na duara dogo chini yake ambalo Iustina alilichora mwenyewe na kuliacha tupu. Alisema kichwa kinamuuma. Hakula pai. Alivaa koti na kusahau skafu.

Kilichomtokea Sabin kilikuwa hiki. Alikuwa amekiona kitu kwenye ule unga, na hakuweza tena kutokukiona. Kizazi baada ya kizazi, watoto watatu kati ya wanne, wanaume na wanawake vilevile, na kila mmoja akianza katikati ya maisha. Alikwenda maktaba, akasoma hadi alipofukuzwa na mlinzi, na kila ukurasa ulisema jina lilelile, ugonjwa wa Huntington. Alijiambia kwamba yeye si daktari. Alijiambia kwamba huenda kweli ni walevi. Alijiambia kwamba msichana ana mtihani Juni na si vizuri kumvuruga. Hayo yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini chini yake palikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kwamba alimfikiria Iustina akiwa na miaka arobaini, akaogopa, na akataka kuwa mbali.

Profesa wake alikuwa anatafuta mtu wa kwenda kwenye Delta ya Danubi kukusanya mabuu ya mbu kwa miezi miwili. Sabin aliomba kwenda. Alimtumia Iustina ujumbe mfupi: "Nimepata kazi ya utafiti. Soma mada ya damu na moyo. Nitakupigia."

Hakupiga. Iustina alipiga yeye.

"Uko wapi?"

"Kwenye mtumbwi. Mtandao hapa ni mbaya."

"Nakusikia vizuri."

"Iustina, nina kazi nyingi."

"Ni kwa sababu ya baba?"

Sabin angeweza kusema wakati ule. Upepo ulivuma kwenye matete, na yeye akasema, "Tutaongea nikirudi."

"Usijisumbue," Iustina alimjibu. "Mbu wanakutosha."

Alikata simu, akaingia stoo ya unga, akalia huku amesimama, kisha akanawa uso. Safta alimpa kikombe cha chai na hakuuliza. Baadaye tu alisema, "Wasomi, mwanangu, wanapenda msichana maskini mpaka wasikie habari za nyumbani kwake." Iustina aliamini hivyo. Alikuwa ameshayazoea macho ya watu wakigundua yeye ni binti wa nani.

Aliendelea kusoma peke yake, kwa hasira. Siku moja mwezi wa Mei, baada ya duka kufungwa, alikaa meza ileile na karatasi za steshenari, Safta akikanda unga wa kesho upande wa pili. Alifika kwenye swali la jenetiki. Ugonjwa fulani huanza kati ya miaka thelathini na tano na hamsini. Mwili hujitikisa bila mgonjwa kutaka, mwendo huyumba, kauli huwa nzito, akili hudhoofika. Jeni yake ni tawala. Baba anao, mama hana. Kuna uwezekano gani mtoto wao kuurithi?

Lilikuwa swali rahisi. Iustina aliandika: nusu. Akaweka alama ya vema, akafungua ukurasa wa pili. Kisha akarudi nyuma, akalisoma tena polepole, kutoka mwanzo.

"Mama Safta," alisema.

"Naam."

"Ukimwona baba yangu njiani, huwa ananuka pombe?"

Safta aliacha kukanda. Alifikiri kwa uaminifu. "Sijawahi kumnusa, mwanangu. Huwa napita upande wa pili wa barabara."

Nyumbani, baba yake alikuwa mezani, anakula supu ya samaki kwa kijiko kilichokuwa kikigonga sahani. Kitambaa alifungwa shingoni kama mtoto. Iustina alimvuta mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, umewahi kukuta chupa?"

"Mjanja yule. Anaficha."

"Miaka yote hii, hata moja? Hata kifuniko?"

Mama yake alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nilikuwa nikimpiga kofi," alisema. "Akimwaga chakula. Nilikuwa nampiga, Iustina."

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimwambia Anghel atoe ulimi na asiurudishe ndani. Ulirudi wenyewe. Aliuliza habari za babu Gavril na shangazi Ileana, akaandika, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipokuja aliwaita wote watatu, akawaeleza jina la ugonjwa, kwamba umo katika ukoo, kwamba hauna tiba, kwamba utaendelea. Mama alilia kwa sauti. Iustina alikuwa ameshika kiti cha baba yake kwa nyuma.

Anghel alimtazama daktari kwa muda mrefu, bega likimruka.

"Kwa hiyo sikuwa mlevi," alisema.

"Hapana, mzee. Hukuwa mlevi."

"Unaweza kusema tena? Mke wangu asikie."

"Hukuwa mlevi. Ulikuwa mgonjwa tangu mwanzo."

Anghel akaanza kucheka, kicheko kizito kilichomtoa machozi, na njia nzima kwenye tramu alikuwa akimshika mkewe mkono na kumwambia, "Umesikia? Umesikia daktari?" Alikuwa amepewa habari ya kifo chake, na wiki ile hakuna mtu aliyekuwa na furaha kama yeye katika jengo zima. Iustina aliyatazama yale, na ndipo swali la Sabin lilipomrudia. Umewahi kumwona na chupa mkononi, kwa macho yako?

Alipiga simu.

"Ulijua," alisema, bila salamu.

Kule Delta, Sabin alikaa chini kwenye gati la mbao. "Ndiyo."

"Tangu ule unga."

"Tangu ule unga."

"Ukafuta, ukaenda kukamata mbu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ndiye niliyekuwa na cha kuogopa, na hata sikupewa nafasi ya kuogopa. Nilikuwa nakulilia wewe. Unajua? Nilikuwa namchukia baba yangu kwa sababu yako."

"Iustina, roho yangu."

"Usiniite hivyo. Niite jina langu."

"Nakuja," alisema. "Hutaki kuniona, sawa. Lakini nakuja."

Alifika kesho yake mchana, uso umevimba kwa kuumwa na mbu, buti zina matope, mkononi ameshika maua ya mwituni aliyoyang'oa njiani, ambayo yalikuwa yamenyauka. Safari hii hakusimama kwenye kona ya duka la dawa. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akabisha. Aliyefungua alikuwa Anghel, kwa taabu, kitasa kikimponyoka mara mbili.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ndiye uliyegundua kwanza kwamba mimi si mlevi?"

Iustina alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, mikono kifuani. Sabin alimtazama yeye alipokuwa akijibu. "Niligundua. Nikanyamaza. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi muombe huyo," Anghel alisema. "Mimi nataka kitu kingine. Mimi nikiongea hawanielewi, na mabinti zangu wawili hawa," alimaanisha mkewe na Iustina, "wataanza kulia. Wewe una elimu. Nishike mkono, twende chini."

Chini, mbele ya jengo, palikuwa na meza ya saruji ambako wastaafu wa bandarini walicheza dadu kila mchana. Petrea alikuwa pale, na kofia yake ya zamani ya kazi. Iustina alikwenda roshani. Alimwona Sabin akitoka mlangoni na baba yake, amemshika kwa kwapa, mguu wa Anghel ukirushwa huku na huku, hivyo wawili wakapita uani wakiyumba kama walevi kweli, na watu wakiwatazama kutoka madirishani. Sabin hakuinamisha uso.

Dadu zikanyamaza.

"Naitwa Sabin Olaru," alisema. "Mzee Anghel ameniomba niwaambie. Ana ugonjwa wa ubongo aliourithi kwa baba yake. Umethibitishwa hospitali. Hakuwa amelewa siku ile kwenye kreni, wala siku nyingine yoyote."

Petrea alikuwa akizigeuza dadu kiganjani.

"Mimi nilimnusa siku ile," alisema mwishowe. "Nilimnusa mdomoni. Sikusikia harufu yoyote." Alimeza mate. "Nikaandika amelewa. Niliona, kama si pombe ni nini?"

Anghel alikuwa anatetemeka kuliko kawaida. Petrea alisogea, akafuta benchi kwa kofia yake.

"Keti, Anghel," alisema.

Akaketi.

Sabin aliporudi juu, Iustina alikuwa jikoni, amechukua yale maua na kuyaweka kwenye gudulia ingawa hayakuwa na faida.

"Hayo ni magugu," alimwambia.

"Nilikuwa na haraka."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nina mtihani baada ya mwezi mmoja, na mada ya mageuko ya viumbe siielewi hata kidogo." Alivuta kiti kwa mguu. "Kaa."

Walisoma pale jikoni hadi Juni, mama akipika, baba akisikiliza kutoka chumba cha pili. Siku moja Iustina aliweka kalamu chini.

"Unasema asili huchagua. Kiumbe chenye kasoro hakidumu, kasoro inapotea. Sasa hii ya kwetu mbona haijapotea?"

"Kwa sababu inaanza watu wakiwa wameshazaa. Inakuwa imeshapita kwa mtoto."

"Kwa hiyo mtu akishazaa, asili haina habari naye tena."

"Haina."

"Baba yangu akiwa hapo anamwaga supu, haimjali."

"Haimjali."

Iustina aliangalia mlango wa chumba cha pili. "Ushenzi mtupu," alisema, akachukua kalamu.

Alifaulu. Siku majina yalipobandikwa, Sabin alimwinua juu mbele ya umati na kumuomba waoane. Iustina alimwambia amshushe kwanza.

"Nataka kupima damu," alisema.

"Mimi sihitaji kujua."

"Mimi nahitaji. Nikijua ndiyo unaniuliza tena, kama bado utataka."

Mwezi wa Septemba walipanda treni kwenda mji wa Iași kuchukua majibu. Daktari wa kule alikuwa ameshamuuliza mara mbili, siku tofauti, kama ana hakika, na mara zote alisema anayo. Aliingia peke yake. Sabin alibaki uani, chini ya ukuta wenye jua, ameshika mikate miwili ya duara yenye ufuta ambayo hakuna aliyeila. Iustina alitoka amevaa lile gauni la bluu, anatembea wima kabisa.

"Ninao," alisema.

Sabin aliweka mikate ukutani. Alimkumbatia, na Iustina hakulia. Alikaa ndani ya mikono yake kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akajitoa.

"Treni ya saa tisa bado ipo. Ukiipanda peke yako sitakutukana. Hata Safta nitamkataza."

"Iustina Bordei, unataka kuolewa na mimi?"

"Umefikiri?"

"Nimefikiri tangu Delta. Sikuwa na cha kufanya zaidi ya mbu."

Hapo ndipo alipocheka, na kilio kikaja humohumo. Alipoweza kusema alimshika kola.

"Nina sharti moja. Siku utakayoona imeanza, uniambie. Wewe utaiona kabla yangu, wote husema hivyo, mgonjwa mwenyewe haoni. Usiende kusoma vitabu kwanza. Usikimbie. Uniambie siku hiyohiyo."

"Nitakuambia."

"Hata kama tuko harusini kwa mtu."

"Hata kama tuko harusini."

Walioana Oktoba, kwenye ofisi ya meya. Anghel aliishi miaka mingine minne, na miaka hiyo Petrea alimshusha ngazi na kumpandisha kila siku isiyokuwa na mvua. Iustina alimaliza uuguzi, akaajiriwa, wagonjwa wakampenda kwa mikono yake myepesi. Watoto hawakupata. Walizungumza sana juu ya hilo, waligombana, walikwenda kwa madaktari waliowaambia kuna njia, na mwishowe Iustina ndiye aliyesema hataki mtoto wake amfunge kitambaa shingoni akiwa bado shuleni. Walisafiri, walinunua nyumba ndogo yenye mzabibu, waligombania redio. Walikuwa watu wenye furaha, kwa kadiri watu wanavyoweza.

Iustina alikuwa na miaka thelathini na saba, asubuhi ya Novemba, ukungu umeziba madirisha. Alikuwa sebuleni anavaa koti aende zamu. Sabin alisimama mlangoni mwa jikoni, kikombe mkononi, uso umemshuka.

"Iustina."

Alimtazama, na mara moja akajua. "Sema."

"Vidole vya mkono wa kushoto. Vinacheza vyenyewe. Hata sasa."

Alikaa kwenye kiti cha viatu. "Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Mezani kwa mama yako."

"Leo Jumanne."

"Nilitaka kuwa na hakika."

"Tulikubaliana siku hiyohiyo."

"Najua. Nilijaribu jana. Sikuweza kufungua mdomo."

Iustina alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, vidole vimetandazwa, akaukazia macho. Sabin alipiga magoti karibu naye, naye akautazama. Saa ya ukutani ilisikika. Kidole cha mwisho kiliruka, kikatulia, kikaruka tena.

"Ndiyo," alisema. "Nakiona."

Aliurudisha mkono mapajani, akaufunika na ule mwingine. Kisha akainua kidevu.

"Nifunge vifungo, nitachelewa zamu."

Sabin alivifunga kimoja kimoja, kutoka chini hadi shingoni. Kisha akachukua koti lake pia, wakatoka pamoja kwenye ukungu hadi kituo cha tramu.